Kidonge kilichomlaza baba watoto

Shangazi,

Nakuandikia kutoka Yamumbi, hapa Eldoret, na siku hizi usingizi umenipaa. Mume wangu ni dereva wa lori. Pombe imemshika kwa miaka mingi: chang'aa akiwa nyumbani, chupa ndogo za dukani akiwa safarini. Mwaka huu alikubali mwenyewe kutafuta msaada, nikamsindikiza hadi hospitali moja mjini. Daktari alimhoji, akampima ini, akampa vidonge vya naltreksoni, kimoja kila asubuhi.

Jumamosi akameza cha kwanza baada ya chai. Saa moja haikuisha, Shangazi. Jasho lilimtoka mpaka shati likaloa, akapiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vikamtiririka, kisha akaanza kutapika na kuharisha. Alijikunja sakafuni akilia kwamba mifupa inamvunjika. Tulimkimbiza kituo cha afya, akatundikiwa dripu, na hadi Jumapili jioni bado alikuwa anatetemeka.

Nikifua koti lake la kazi nikakuta pakiti za tramadoli, nyingine tupu. Akakiri kwamba amekuwa akizimeza tangu alipoumia mgongo akipakia mizigo, zaidi ya mwaka sasa. Daktari alipomuuliza kama anatumia dawa za kulevya alijibu hapana, maana kwake hiyo ni dawa ya mgongo.

Sasa mama mkwe anasema vidonge vile ni sumu, ni vya mateja wa Mombasa, na mwanawe hatavigusa tena. Jirani yangu naye ananishauri nivisage nimtilie kwenye uji, kwani pombe itammaliza. Mume mwenyewe ameapa hataikanyaga hospitali. Nifanye nini? Na hizi dawa za maumivu zinazouzwa kwenye kemisti, tangu lini zikawa mihadarati?

Mama wa Watatu, Yamumbi

*

Mwanangu, pole sana. Kumwona mtu unayempenda akijikunja sakafuni kwa kidonge ambacho wewe mwenyewe ulimsindikiza kukichukua ni mzigo mzito, na naona katika barua yako kwamba bado unajilaumu. Usijilaumu. Ulifanya jambo jema, na yeye alifanya jambo gumu kuliko wengi wanavyoweza.

Nianze na uji, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Usimtilie kidonge kwenye uji, wala kwenye chai, wala popote. Ukishajua kilichotokea mwilini mwake Jumamosi ile utaona kwamba uji huo ungeweza kumuua. Jirani yako anakutakia mema, lakini hajui anachokushauri.

Mume wako hakulishwa sumu wala hakurogwa. Alichopata kinajulikana vizuri. Watu wa Pwani, ambao wameishi na heroini mitaani mwao tangu miaka ya 1980, hukiita arosto: mateso yanayompata mtu mwili unapoikosa dawa uliyoizoea. Kwa kawaida arosto huja polepole, kadiri dawa inavyopungua mwilini. Ya mume wako ilikuja yote kwa pamoja, kwa kuwa kidonge kiliing'oa tramadoli kutoka mahali ilipokuwa imeketi.

Nasema "imeketi" kwa makusudi. Ndani ya ubongo, kwenye uti wa mgongo na hata kwenye utumbo, chembe za mwili wetu zina sehemu ndogo ziitwazo vipokezi. Wazia matatu ya asubuhi kutoka Yamumbi kwenda mjini. Viti ni vile vile, abiria ndio wanaobadilika. Mofini, heroini, kodini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, na tramadoli pia, zote hugombea viti vya aina moja. Abiria wa namna hiyo akishaketi, hutuma ujumbe ndani ya chembe: maumivu yapungue, pumzi ipungue kasi, utumbo utulie, moyo wa mtu uone raha. Naltreksoni nayo inaketi kwenye viti hivyo hivyo, tena inashikilia kwa nguvu kuliko karibu wote niliowataja, lakini ikishaketi haitumi ujumbe wowote. Inakaa tu na kuwazuia wengine. Na ikikuta kiti kina mtu, humsukuma akatoka.

Huenda ukauliza kwa nini Mungu aliweka mwilini mwetu viti vya afyuni, utomvu wenye mofini wa mpopi, mmea ambao wengi wetu hatujawahi kuuona. Swali hilo liliwasumbua wataalamu pia. Mwaka 1973, Candace Pert, akiwa bado mwanafunzi, na mwalimu wake Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, walionyesha kwamba vipokezi hivyo vipo kweli. Walichotumia kuvipata ni naloksoni, ndugu wa karibu wa kidonge alichomeza mume wako, waliyoitia mnururisho ili waweze kuona inakonasa. Miaka miwili baadaye, John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, wakapata jibu la kwa nini vipo, ndani ya ubongo wa nguruwe: mwili hujitengenezea wenyewe kemikali zinazoketi hapo. Nyingine za jamii hiyo zilizogunduliwa baadaye ndizo tunazoziita endofini. Kwa hiyo viti vilikuwa vya wenyewe tangu mwanzo. Mpopi ulibahatika tu kufanana na mwenye nyumba.

Wewe unaishi Eldoret, na kila alfajiri unawaona vijana wakikimbia barabarani kabla jua halijachomoza. Mwaka 2008, watafiti nchini Ujerumani walipiga picha za ubongo wa wakimbiaji 10 kabla na baada ya kukimbia kwa muda wa saa mbili, na wakaona dalili kwamba endofini zao wenyewe zilikuwa zimevijaza vipokezi hivi. Mwili una dawa yake ya maumivu na faraja. Lishike hilo, kwa kuwa ndilo litakalotufikisha kwenye pombe.

Lakini kwanza tumalize Jumamosi. Mtu akimeza tramadoli kila siku kwa zaidi ya mwaka, mwili haukai tu ukipokea. Unajisawazisha. Kwa kuwa kila siku kuna kitu kinachoutuliza, nao huongeza nguvu ya mifumo ya kuuamsha: ile inayoleta jasho, inayopandisha mapigo ya moyo, inayosukuma utumbo. Pande hizo mbili zikivutana, mtu huonekana mzima, huendesha lori lake, hula na kucheka. Kisha kidonge kinaingia, na kwa muda mfupi sana upande mmoja unanyamazishwa. Upande wa pili unabaki peke yake na nguvu zake zote. Ndiyo maana utumbo uliokuwa umetulizwa ulifunguka ghafla, macho na pua vikatiririka, na maumivu ya mgongo yaliyofichwa mwaka mzima yakarudi na ya mifupa yote juu yake. Kidonge kimoja cha miligramu 50 kinaweza kuvishika vipokezi kwa takriban siku nzima, kwa hiyo hata Jumapili jioni mateso yalikuwa hayajaisha. Wahudumu waliomtundikia dripu walifanya sawasawa. Kutapika na kuharisha kwa namna ile hukausha maji mwilini, na watu wamepoteza maisha kwa hilo.

Naomba umuulize jambo moja kwa upole: katika saa zile, au usiku ule, alijaribu kumeza tramadoli zaidi ili apate nafuu? Wengi hufanya hivyo, na ni hatari kubwa. Viti vikiwa vimeshikwa, dawa anayoongeza haimpi nafuu, basi anaongeza tena. Naltreksoni inapoanza kuachia, zile zote alizorundika zinapata nafasi kwa wakati mmoja, na pumzi inaweza kusimama. Isitoshe, tramadoli ina upande mwingine usiopitia vipokezi hivi kabisa. Inagusa kemikali nyingine za ubongo, na ikizidi huleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa. Upande huo naltreksoni haiuzuii.

Sasa nikujibu kuhusu kemisti. Tramadoli ni dawa halali, na ikitolewa na daktari kwa muda mfupi baada ya upasuaji au kuumia vibaya, inasaidia. Nimefanya kazi nyuma ya kaunta ya dawa miaka mingi na nimewapa wagonjwa tramadoli kwa moyo mweupe. Sheria inataka cheti cha daktari, na sababu ndiyo hii hii: ini likishaibadilisha, inageuka kuwa kitu kinachoshika vipokezi vile vile vya mofini na heroini. Maini ya watu hayafanani. Kuna anayeibadilisha haraka sana, na kuna ambaye haimpi nafuu hata akimeza mara mbili. Kutoka kwenye pakiti yenye jina la kiwanda hakuifanyi iwe mbali na unga wa Mombasa kwa jinsi mwili unavyoipokea. Mama mkwe wako anapowasema mateja kwa dharau, anasema bila kujua habari za viti vile vile vilivyomo kichwani mwa mwanawe. Usimwambie hivyo kwa ukali. Lakini lijue.

Mume wako hakuwa na nia ya kumdanganya daktari. Aliulizwa kuhusu dawa za kulevya, na yeye alikuwa na dawa ya mgongo. Swali ambalo lingemfaa ni hili: ni kidonge gani chochote unachomeza, cha maumivu, cha kikohozi, cha usingizi, hata cha kuazima kwa tanboi? Hata kama angepimwa mkojo, kipimo cha kawaida kinachotafuta mofini na heroini mara nyingi hakiioni tramadoli. Majibu yangerudi safi, na kidonge kingetolewa vile vile. Katika tiba hii maneno ya mgonjwa yana uzito kuliko mashine, na mtu hasemi kweli mahali anapoogopa kuitwa mlevi au teja. Mimi nalia na hilo zaidi ya jambo lolote katika barua yako.

Turudi kwenye pombe, kwa sababu bado ipo na bado inamla. Mama mkwe ana haki ya kushangaa: kama kidonge hiki ni cha kuzuia heroini, kinafanya nini kwa mnywaji wa chang'aa? Ni kweli kwamba kilianza huko. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1984 kwa watu waliotaka kuachana na heroini. Baadaye ikaonekana kwamba pombe, ingawa yenyewe haiketi kwenye vile viti, inaufanya ubongo umwage endofini zake, na hizo ndizo zinazoketi na kumwambia mnywaji: raha ndiyo hii, ongeza. Ukivifunga vipokezi, glasi ya kwanza haileti ule utamu uliokuwa ukidai ya pili. Mwaka 1994 kikaidhinishwa huko Marekani kwa ajili ya pombe, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likakiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa kazi hiyo. Daktari wenu hakuokota dawa ya watu wengine. Kwa mnywaji ambaye hana dawa nyingine ya jamii ya afyuni mwilini, kwa kawaida kidonge hiki huleta kichefuchefu kidogo siku za mwanzo, pengine kichwa kuuma, basi. Hakimgeuzi mtu kuwa mwingine, wala hakilevyi, wala mtu hapati arosto akikiacha.

Jirani yako nadhani anakichanganya na disulfiramu, dawa ya zamani iliyoanza kutumika kwa walevi kule Denmark mwishoni mwa miaka ya 1940. Ile haigusi vipokezi. Inazuia ini lisimalize kazi ya kuivunja pombe, na sumu iitwayo asitaldehidi inajaa damuni: uso unawaka, moyo unaenda mbio, mtu anatapika. Nimesikia wake wengi wakishauriana kuitia kwenye chakula kisiri ili mume "aone cha mtema kuni". Hiyo nayo ni hatari. Mwenye moyo dhaifu akinywa pombe juu yake bila kujua alichokula, anaweza kufa mezani.

Kwa hiyo unaona kwa nini nilianza na uji. Leo koti lina pakiti ulizoziona. Kesho huenda kuna nyingine usiyoijua, aliyopewa na dereva mwenzake njiani. Ukimtilia kidonge siku hiyo, Jumamosi ile inarudi, na safari hii inaweza kumkuta akiwa kwenye usukani akiteremka barabara yenye kona, bila kujua kwa nini mikono inatetemeka. Akipata ajali akafikishwa hospitali akiwa amevunjika mfupa, watampa mofini nayo haitafanya kazi, na hakuna atakayejua sababu, kwa kuwa anayeijua ni wewe peke yako na uko Yamumbi. Na akigundua, ndoa yenu itabaki na nini? Mtu ni mzima, ana akili zake. Kidonge hiki humezwa na aliyekikubali.

Njia iliyopo ni ndefu kidogo, lakini ipo.

Kwanza, asiache vyote kwa mpigo peke yake nyumbani. Kama amerudia tramadoli, ipunguzwe hatua kwa hatua chini ya daktari. Kuhusu pombe ni hivyo hivyo, tena kwa mkazo zaidi: mnywaji wa kila siku anayekata ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka, na hilo linaua. Akianza kutetemeka sana, kuona vitu visivyokuwepo au kupoteza fahamu, usingoje kukuche.

Na akiendelea kuchanganya pombe na tramadoli, jua kwamba vyote viwili hupunguza pumzi. Ukimkuta amelala fofofo, haamki hata ukimfinya, anakoroma kwa shida au anapumua mara chache, midomo ikibadilika rangi, mlaze kwa ubavu na umpeleke hospitali mara moja. Waambie wazi alichomeza. Dawa ya kumwamsha ni ile naloksoni niliyoitaja. Inaingia kwa sindano au kwa kupuliziwa puani, na kwa dakika chache inawaondoa abiria kwenye viti. Lakini haidumu kama ndugu yake. Kwa saa moja au mbili nguvu yake imepungua, na kilichobaki mwilini kinaweza kurudi kumlaza. Ndiyo maana aliyezinduka asichukuliwe nyumbani upesi, hata kama anasema yuko sawa na anagombana na manesi.

Pili, akishamaliza tramadoli, ni lazima zipite siku 7 hadi 10 bila dawa yoyote ya jamii hiyo kabla naltreksoni haijarudi kuzungumziwa. Madaktari wengine hutanguliza jaribio dogo la naloksoni. Likimletea shida, shida hiyo huisha upesi, nao wanajua kwamba bado mapema. Kwa dawa zinazokaa sana mwilini, methadoni kwa mfano, kusubiri huwa ni kurefu zaidi.

Methadoni nitaisema kidogo, kwa kuwa mama mkwe amewataja watu wa Mombasa. Hiyo huketi kwenye kiti na kutuma ujumbe, ila kwa utulivu na kwa muda mrefu, hivyo mtu aliyezoea heroini anaishi bila arosto na bila kuhangaika mtaani. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa Februari 2011, na kufikia 2015 kliniki za namna hiyo zilikuwa zimefunguliwa Malindi na Mombasa. Wanaume waliokuwa wamekatiwa tamaa na mama zao sasa wanafika asubuhi, wanakunywa dozi mbele ya nesi, wanaenda kazini. Nikisikia neno teja likitamkwa kama tusi, ninawakumbuka hao. Huenda daktari wa mume wako akaona njia nyingine inamfaa kuliko naltreksoni, na hilo halitakuwa kushindwa.

Tatu, na hapa nataka unisikilize zaidi: mgongo. Mume wako hakuanza tramadoli kwa kutafuta starehe. Alianza kwa maumivu, na maumivu hayo yapo. Ukimwondolea pombe na tramadoli ukamwacha na mgongo ule ule na kiti kile kile cha lori kwa saa kumi kwa siku, atarudi kwenye kemisti ndani ya mwezi, na mimi singemlaumu. Mgongo uchunguzwe kwa haki yake. Kuna mazoezi ya tiba ya viungo, kuna dawa za maumivu zisizogusa vipokezi hivi, kuna dawa za neva, na wakati mwingine kuna kitu kinachohitaji upasuaji. Hata parasetamoli na ibuprofeni zisimezwe kiholela na mtu mwenye ini na tumbo vilivyozoea pombe, daktari ndiye apange. Na mpaka hapo atakapotulia, aombe tajiri wake kazi nyingine au mapumziko. Tramadoli inasinziza, arosto inatetemesha, na barabarani kuna watoto wa watu.

Eldoret mna bahati ya kuwa na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, yenye idara ya afya ya akili na kitengo cha uraibu, na wataalamu wa mifupa na viungo katika hospitali hiyo hiyo. Kama mume ameapa hatarudi alikoanzia, hakuapa kuhusu kila mlango. Mnaweza pia kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, mkaongea na mshauri kabla hajavaa viatu vya kwenda popote. Wakati mwingine sauti ya mtu asiyemjua ndiyo inayomlegeza mwanamume.

Kidonge peke yake hakitoshi, hata kikitumiwa ipasavyo. Kinapunguza utamu wa glasi, hakimwambii mtu afanye nini jioni wenzake wakikaa. Huko huko Eldoret, watafiti wa AMPATH, mpango wa huduma za HIV, waliwakusanya wagonjwa wa HIV waliokuwa wanakunywa, wakawaweka katika vikundi vya mazungumzo vya kujifunza kuikataa pombe, vikiongozwa na watu waliofunzwa kazi hiyo ambao si madaktari wala wanasaikolojia. Matokeo ya mwanzo yalitoka mwaka 2011, na ya utafiti mkubwa zaidi mwaka 2021: waliokaa kwenye vikundi hivyo walipunguza pombe kuliko wenzao waliopewa masomo ya kawaida ya afya. Ulizia kikundi kama hicho. Uliza na kama kipo cha wake na mama, nawe unahitaji mahali pa kusemea.

Kuna hatari moja ya baadaye ambayo familia nyingi hazielezwi. Akishakaa miezi bila tramadoli, mwili unasahau ile dozi uliyoizoea. Vipokezi vilivyozuiwa muda mrefu vinaweza hata kuwa vyepesi zaidi kuitikia. Siku akiacha naltreksoni, au akiruka siku kadhaa, kisha akarudi kwa huzuni au hasira kumeza idadi ile ya zamani, inaweza kumsimamisha pumzi ingawa zamani aliimudu. Aambiwe hili angali mzima na ametulia, naye aliseme kwa mdomo wake mwenyewe.

Akiwa kwenye naltreksoni, awe na karatasi ndani ya leseni yake ya udereva inayosema anameza dawa gani, kiasi gani, na namba yako. Ikitokea ajali, madaktari wana njia nyingine za kumtuliza maumivu: ketamini, sindano za kutia ganzi sehemu iliyoumia. Wanachohitaji ni kujua. Kama ni upasuaji wa kupangwa, vidonge husimamishwa siku tatu kabla. Na ini lake lipimwe tena mara kwa mara, kama daktari alivyoanza.

Mama mkwe usimwache nje. Alimwona mwanawe akikaribia kufa, na anayemwambia "ni sumu" ni hofu yake. Nenda naye kliniki siku ya kwanza, akae kwenye kiti cha tatu mbele ya daktari, asikie mwenyewe kwamba kidonge kilikutana na tramadoli. Ukimweleza wewe nyumbani itakuwa ubishi wa mke na mama mkwe. Akielezwa na daktari, mwanawe akiwa anaitikia kwa kichwa, itakuwa habari ya ugonjwa.

Na zile pakiti ulizozikuta kwenye koti, usizichome wala kuzitupa chooni. Zifungie mbali na watoto, hata zile tupu, na umwombe mumeo akukabidhi nyingine zote alizozificha, garini na popote. Mzibebe zote siku hiyo ya kliniki pamoja na vidonge vya naltreksoni vilivyobaki. Daktari atahitaji kuona uzito wa miligramu ulioandikwa juu ya kila pakiti, na mume wako amwambie kwa siku anameza ngapi, zile halisi, kwa sababu hesabu ya kumshusha itaanzia kwenye namba hiyo.